Maswali na Majibu: Amri ya Nane na Mabishano ya Wakatoliki Mtandaoni

Maswali haya ni ya makatekista walio mafunzoni na viongozi wa vijana wanaojiandaa na mtihani wa maadili. Usiyakariri. Mtungaji wa mtihani hubadilisha mfano, na aliyekariri hukwama hapo hapo. Namba za Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK) na za Sheria za Kanisa zitaje pale tu unapokuwa na hakika nazo. Namba ya kubahatisha hushusha jibu zima.

Swali la 1. Mabishano ya kidini mtandaoni yanaangukia wapi katika mafundisho ya Kanisa? (alama 3)

Yanaangukia chini ya Amri ya Nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Katekisimu inaifafanua kuanzia namba 2464 hadi 2513, na kwa mada yetu namba 2477 hadi 2479 pamoja na 2487 ndizo za kushika. Ongeza kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983: hakuna anayeruhusiwa kuharibu jina jema la mtu isivyo halali.

Zingatia neno hilo, jina jema. Kanisa linalihesabu kuwa haki ya mtu, kama ilivyo haki yake juu ya shamba au mshahara wake. Kwa hiyo upendo tunaouzungumzia hapa si hisani unayomfanyia mwenzako ukiwa na moyo mweupe siku hiyo. Unamdai, naye anakudai. Mtahiniwa anayejaza ukurasa kwa kusifu "lugha nzuri" bila kugusa haki ameacha kiini cha swali.

Swali la 2. Tofautisha hukumu ya pupa, usengenyaji na usingiziaji. Toa mfano mmoja wa mtandaoni unaoonyesha yote matatu. (alama 9)

Hukumu ya pupa ni kuamini, hata kimoyomoyo, kwamba jirani ana kosa la kimaadili ilhali huna msingi wa kutosha. Usengenyaji ni kufichua kosa la kweli la mtu kwa watu wasiolijua, bila sababu halali. Usingiziaji ni kumharibia mtu jina kwa maneno yasiyo ya kweli na kuwapa wengine nafasi ya kumhukumu vibaya.

Mfano: Jumapili baada ya Misa ya pili, klipu fupi inaingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Padre anaonekana akimpita mama mmoja kwenye mstari wa komunyo. Mwanakikundi wa kwanza anaandika: "Baba huyu hapendi maskini." Wa pili anajibu: "Jamani, huyo mama anaishi na mume wa mtu, sisi majirani tunajua." Wa tatu anamalizia: "Hata parokia aliyotoka aliondolewa kwa kula hela za ujenzi," na jambo hilo amelitunga papo hapo.

Wa kwanza amehukumu kwa pupa. Wa pili, hata kama anachosema ni kweli, amesengenya. Wa tatu amesingizia. Kufika jioni watu wawili wamevuliwa nguo mbele ya jumuiya nzima, na hakuna aliyempigia simu padre wala yule mama.

Angalizo la mtihani: watahiniwa wengi husema wa pili hana kosa "kwa sababu amesema ukweli." Ukweli peke yake haumtoshi mtu kuwa na haki ya kuutangaza. Namba 2488 na 2489 zinalisema hilo waziwazi: haki ya kujua habari ina mipaka, na hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli asiyestahili kuujua.

Swali la 3. Je, kubishana kuhusu mambo ya dini ni dhambi? (alama 4)

Hapana. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana huko Antiokia (Gal 2:11–14). Paulo na Barnaba walitofautiana vikali juu ya Marko hadi wakaachana njia (Mdo 15:36–40). Baadaye Paulo huyo huyo akaagiza aletewe Marko kwa kuwa anamfaa katika utumishi (2 Tim 4:11). Dhambi inaingia pale lengo linapohama kutoka kuutafuta ukweli na kuwa kumwangusha mtu.

Swali la 4. Ni lini Mkatoliki anaweza kuitwa mzushi? (alama 6)

Mara chache sana kuliko tunavyosoma kwenye simu zetu. Kanuni ya 751 inaweka masharti, na yote lazima yawepo kwa pamoja. Mtu awe amebatizwa. Awe anakana, au anatilia shaka, ukweli unaopaswa kusadikiwa kwa imani ya kimungu na ya kikatoliki, yaani ukweli wa ngazi ya juu kabisa. Tena awe anafanya hivyo kwa ukaidi, maana yake ameonywa na ameng'ang'ania. Aliyekosea kwa kutojua si mzushi. Asiyependa Misa ya Kilatini si mzushi, na anayeipenda vilevile. Anayepinga utaratibu wa kichungaji anaweza kuwa amekosea, lakini kosa lake lina jina jingine.

Mfano wa kihistoria unaopendwa na watunzi wa mitihani ni ubishi kuhusu neema. Mwaka 1588 Mjesuiti Luis de Molina alichapisha kitabu mjini Lisbon akieleza jinsi neema ya Mungu inavyokwenda pamoja na hiari ya mwanadamu. Wadominiko, wakiongozwa na Domingo Báñez, waliona anamnyang'anya Mungu nafasi yake. Wajesuiti nao waliona Báñez anaifuta hiari ya mtu. Pande zote mbili zilitupiana shutuma za uzushi. Papa Klementi VIII akaunda tume, wanateolojia wakahojiana kwa miaka, naye akafariki kabla ya kutoa uamuzi. Mwaka 1607 Papa Paulo V alifunga majadiliano: kila upande ufundishe msimamo wake, pasiwe na upande wa kuutangaza mwenzake kuwa umehukumiwa, na wote wasubiri uamuzi wa Kiti Kitakatifu. Zaidi ya miaka 400 imepita na uamuzi huo haujatolewa.

Papa alikuwa na wanateolojia bora wa zama zake mezani, akaona heri wabishane bila kuhukumiana. Mtu anayetoa hukumu ya uzushi kwa dakika moja akiwa kwenye daladala ajiulize amepewa mamlaka hayo na nani.

Swali la 5. Eleza kanuni ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola juu ya kupokea maneno ya mwingine, kisha itumie katika ujumbe huu: "Kupokea komunyo kwa mkono ni kufuru." (alama 10)

Kanuni hii iko mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, na Katekisimu imeichukua katika namba 2478. Ina ngazi nne. Kwanza, uwe mwepesi wa kuyapa maneno ya mwenzako maana njema kuliko kuyalaani. Pili, ukishindwa, muulize anamaanisha nini. Tatu, ikiwa kweli amekosea, msahihishe kwa upendo. Nne, isipotosha, tafuta njia nyingine zote zinazofaa ili aelewe vema na apone. Mwenyewe Inyasi alijua uchungu wa kushukiwa: mwaka 1527 alifungwa Alcalá na kisha Salamanca, wakuu wakichunguza kama mafundisho yake ni salama.

Sasa tuje kwenye ujumbe. Maana njema ipo: mwandishi huenda anahofia heshima kwa Mwili wa Kristo, chembe zinazoanguka, watu wanaoondoka na hostia. Hofu hiyo ni ya kikatoliki kabisa, na jibu lako lianze kwa kuitambua. Kisha uliza: "Ndugu, unamaanisha wanaopokea kwa mkono wote wanamkufuru Mungu, au umeona watu wakipokea bila heshima?" Mara nyingi swali hilo moja linamaliza ugomvi, kwa sababu mtu alikuwa ameona jambo fulani Jumapili ile na limemuuma.

Akisema anamaanisha wote, msahihishe kwa hoja. Hati ya Memoriale Domini ya tarehe 29 Mei 1969 ilihifadhi desturi ya kupokea kwa ulimi, ikafungua njia kwa Mabaraza ya Maaskofu kuomba ruhusa ya kupokea kwa mkono. Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004, namba 92, inasema mwamini ana haki daima ya kupokea kwa ulimi, na mahali palipo na ruhusa anaweza kupewa mkononi. Pakiwa na hatari ya kunajisi, asipewe mkononi. Kanisa haliwezi kuruhusu kufuru, basi kauli yake haisimami. Hati hiyo hiyo inakataza pia kumnyima mwamini komunyo kwa sababu tu anataka kupokea akiwa amepiga magoti, kwa hiyo mtu wa upande wa pili hana msingi wa kumdhihaki. Lisahau hilo na jibu lako litakuwa la upande mmoja.

Asiposhawishika, toka kundini. Mpigie, mkutane, mwende wote kwa Baba Paroko. Watahiniwa huiruka ngazi hii ya nne, na ndiyo inayopima kama ulikuwa unamtaka mtu au unataka ushindi.

Swali la 6. Kwa kutumia tamko la *Fiducia supplicans*, onyesha tofauti kati ya kutokubaliana na kuvunja umoja. (alama 10)

Swali hili halikuulizi uko upande gani. Linakuuliza kama unajua kilichoandikwa na kilichotendeka.

Tarehe 18 Desemba 2023 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, chini ya Kardinali Víctor Manuel Fernández na kwa idhini ya Papa Fransisko, lilitoa tamko lenye aya 45. Lilirudia kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja. Likaruhusu padre kutoa baraka fupi, isiyo na ibada wala taratibu za kiliturujia, kwa watu walio katika mahusiano yasiyo halali, wakiwamo wenzi wa jinsia moja, pasipo kufanana kwa namna yoyote na ndoa.

Kilichosambaa kwenye simu kilikuwa kitu kingine. Wapo walioandika kwamba Papa amehalalisha ndoa za jinsia moja, jambo ambalo aya za mwanzo tu zinalikanusha. Wapo pia waliowaita maaskofu wenye mashaka waasi. Makundi haya mawili yalipigana vita vikali, na wengi waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wamesoma kichwa cha habari peke yake. Tarehe 4 Januari 2024 Baraza lilitoa ufafanuzi na kukiri kwamba kila askofu atahitaji kupima mazingira ya mahali pake.

Tarehe 11 Januari 2024 likaja tamko la Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu Katoliki Afrika na Madagaska, SECAM, lililotiwa saini na rais wake, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa. Lilisema kwamba kwa ujumla Mabaraza ya Afrika yanaona haifai kutoa baraka hizo kwa wenzi wa jinsia moja, kwa kuwa zingeleta mkanganyiko na kwenda kinyume na utamaduni wa jamii zao. Likathibitisha pia ushirika na Papa, na kueleza kwamba ujumbe wenyewe umepata ridhaa ya Papa Fransisko na Kardinali Fernández.

Tazama walivyofanya. Hawakuficha msimamo wao hata kidogo. Hakuna aliyelisoma tamko hilo akabaki akijiuliza wamesema ndiyo au la. Lakini kabla ya kuutangazia ulimwengu walizungumza na wale waliokuwa wakitofautiana nao, wakataja sababu, na katika maandishi yao hawakumwita mtu mzushi. Jibu linalostahili alama zote linaonyesha mambo hayo mawili pamoja, yaani uwazi wa msimamo na ushirika uliolindwa.

Swali la 7. Barua za Mtakatifu Agostino na Mtakatifu Yeronimo zinatufundisha nini kuhusu ubishi unaofanyika mbele ya watu? (alama 12)

Hapa chukua muda wako. Ni swali lenye alama nyingi na lenye mafuta.

Agostino alikuwa Hippo, Afrika ya Kaskazini. Yeronimo, mkubwa kwake kwa umri na bingwa wa Maandiko, alikuwa Bethlehemu. Yeronimo alifundisha kwamba Paulo na Petro hawakugombana kweli kule Antiokia, bali walipanga karipio lile kwa faida ya watu. Agostino alishtuka. Ikiwa Maandiko Matakatifu yanaweza kubeba uongo, hata uongo wenye nia njema, nani ataweka mpaka? Mnamo mwaka 395 akamwandikia.

Barua hiyo haikufika. Aliyekabidhiwa, Profuturo, alifanywa askofu kabla ya kusafiri, kisha akafariki. Agostino akaandika nyingine, na mbebaji wake naye hakufika Bethlehemu. Lakini barua ilinakiliwa, ikasomwa Roma na kwingineko Italia. Watu wasiohusika wakajua Agostino anamkosoa Yeronimo, kabla Yeronimo mwenyewe hajapata karatasi yoyote mkononi. Shemasi mmoja aliikuta nakala katika kisiwa cha bahari ya Adria, ndiye aliyempelekea habari.

Yeronimo aliwaka. Alimshuku Agostino kwamba ni kijana anayetafuta sifa kwa kumpiga mkongwe, akamjibu kwa maneno makali. Kwa mtazamo wake alikuwa na haki ya kuumia: amekosolewa hadharani na yeye ndiye wa mwisho kujua. Aliyewahi kuona skrinishoti ya maneno yanayomhusu ikizunguka makundi manne kabla ya kumfikia anayaelewa maumivu hayo.

Mambo matatu aliyoyafanya Agostino ndiyo jibu la swali. Alieleza wazi kwamba hakuandika kitabu cha kumpinga na kukipeleka Roma, na akaomba radhi kwa maumivu yaliyotokea, ingawa hakukusudia barua isambae. Hakuifuta hoja yake ili kununua amani: katika barua ndefu ya mwaka 405 alibaki palepale, kwamba Maandiko hayadanganyi na Paulo alimkaripia Petro kweli. Na katika barua hiyo hiyo alikiri kwamba, ingawa yeye ni askofu na Yeronimo ni padre, yeye ni mdogo kwa Yeronimo katika mambo mengi, na kwamba mtu asikatae kusahihishwa hata na aliye chini yake. Petro, alisema, ndiye aliyetoa mfano huo alipokubali karipio la Paulo.

Urafiki ulipona. Mwaka 415 Agostino alimtuma padre Orosio kwa Yeronimo na barua ya kuomba mwongozo juu ya asili ya roho, na miaka michache baadaye Yeronimo alimsifu kwa ujasiri wake dhidi ya mafundisho ya Pelagio. Wote wawili ni watakatifu na Walimu wa Kanisa. Usiandike kwamba "walikubaliana mwishoni," maana kukubaliana juu ya Antiokia hakukuwa sharti la kupendana kwao.

Swali la 8. "Mnyenyekevu hunyamaza." Jadili kwa ufupi. (alama 4)

Kauli si sahihi. Unyenyekevu ni kujiweka mahali pako halisi mbele ya Mungu, na mwenye kujua jambo hajinyenyekezi kwa kujifanya halijui. Tazama Mtakatifu Tomaso wa Akwino katika Summa Theologiae: kila makala inaanza kwa hoja za wanaompinga, zikiwa zimewekwa kwa nguvu zake, ndipo analeta jibu lake. Huo ni unyenyekevu unaofanya kazi. Kama huwezi kuieleza hoja ya mwenzako hadi mwenyewe aseme "ndiyo, ndivyo ninavyosema," bado hujawa tayari kumjibu.

Swali la 9. Je, mlei anaweza kumkosoa padre au askofu mtandaoni? (alama 8)

Anaweza kutoa maoni, tena kanuni ya 212 §3 inasema kulingana na ujuzi wake ana haki, na wakati mwingine wajibu, kuwaeleza wachungaji maoni yake na kuwajulisha waamini wengine, mradi aheshimu imani na maadili, awastahi wachungaji, na azingatie manufaa ya wote na hadhi ya watu. Tomaso anakubali hata karipio la hadharani kwa mkuu pale imani inapokuwa hatarini (Summa Theologiae II-II, swali la 33, makala ya 4), akitumia mfano wa Paulo na Petro.

Lakini njia ya kawaida ni ile ya Mt 18:15–17: ninyi wawili kwanza, kisha mashahidi, kisha Kanisa. Kuanzia Facebook ni kuanza na ngazi ya mwisho. Tofauti moja lazima uitaje, tena kwa msisitizo: tuhuma za kumdhulumu mtoto au mtu dhaifu hazisubiri mazungumzo ya faragha na mtuhumiwa. Zinapelekwa mara moja kwa mamlaka za Kanisa na za serikali. Upendo hautumiki kumfunika mkosaji wa namna hiyo, na anayewaambia waathirika wanyamaze "kwa unyenyekevu" anawaongezea jeraha.

Swali la 10. Taja hati mbili za karibuni za Kanisa zinazogusa tabia ya waamini mtandaoni. (alama 2)

Wosia wa Papa Fransisko Gaudete et exsultate (19 Machi 2018), ambao namba yake ya 115 inakiri kwamba hata Wakristo, na hata vyombo vya Kikatoliki, huingia katika ukatili wa maneno. Na tafakari ya kichungaji ya Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya tarehe 28 Mei 2023, iliyojengwa juu ya mfano wa Msamaria Mwema.

Swali la 11. Mwanakikundi alisambaza tuhuma dhidi ya mweka hazina wa jumuiya. Akagundua si za kweli. Akafuta ujumbe, akaenda kuungama. Je, amemaliza wajibu wake? (alama 10)

Hajamaliza. KKK 2487 inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linabeba wajibu wa malipizi, hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Ujumbe umefutwa kundini, lakini umebaki vichwani mwa waliousoma na kwenye simu za walioutuma mbele.

Kwanza ampigie mweka hazina mwenyewe. Kisha aandike katika kundi lile lile, kwa jina lake, kwa mfano: "Jumanne niliandika kwamba mweka hazina amechukua michango ya ujenzi. Si kweli, na sikuwa na uthibitisho. Namwomba radhi yeye na ninyi nyote. Aliyetuma ujumbe ule kwingine, naomba atume na huu huko." Maneno "kama kuna aliyekwazika" yasiwepo, kwa kuwa yanamwachia aliyeumizwa mzigo wa kueleza kwa nini ameumia. Hasara ya fedha, kama mtu alipoteza kazi au wateja kwa sababu ya tuhuma, nayo hulipwa kadiri inavyowezekana.

Mtungaji akigeuza mfano na kusema tuhuma zilikuwa za kweli ila za siri, jibu linabadilika. Msengenyaji hawezi kukanusha, maana atakuwa anasema uongo. Atalipa kwa njia nyingine: aombe radhi kwa kufichua, azuie mjadala usiendelee, na ataje hadharani mema ya mtu yule anayoyajua kwa hakika.

Anayeishia kwenye kufuta na kuungama hupata alama 4. Zilizobaki ziko kwenye malipizi. Na kama kwenye simu yako kuna ujumbe wa namna hiyo ulioutuma, andika masahihisho yake leo kabla hujafungua mada inayofuata.